Kidole Kimoja, Freti Moja

Watu wa kikundi walimwita Skeli, na jina lilimkaa kama kiatu cha kupimwa. Alipofika mazoezini, kabla hajamaliza kusalimiana na watu, alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake cha pembeni, gitaa pajani, anapanda skeli yake, noti moja moja kutoka do mpaka do, anashuka, anaanza tena juu kidogo, bila kuruka hata moja. Mpiga ngoma, mtu wa maneno mengi waliyemwita Debe, hakuacha kumchokoza.

"Dada Skeli, leo umefika ghorofa ya ngapi?"

"Ya tano. Lifti mbovu, wewe panda kwa miguu."

Kikundi kilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha uchapaji, ingawa siku hizi kilipokea yeyote mwenye chombo na adabu. Skeli mwenyewe alifanya kazi kiwandani humo, chumba cha kujalidi, mwisho wa korido, ambako karatasi hufika zikiwa bado na joto la mashine na kuondoka zikiwa vitabu. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akikunja, akitoboa, akishona kwa uzi wa nta, akipaka gundi na kubana. Jalada likipinda hata kwa upana wa uzi, alilibandua akaanza upya. Msimamizi wake aliwahi kusema kwamba yule mama akijalidi kitabu cha namba za simu, utatamani kukisoma.

Gitaa alilianza akiwa na thelathini na tatu, peke yake, baada ya kazi, kwenye chumba cha nyuma, mlango umefungwa kwa ombi la mumewe. Hakuwa na mwalimu. Alitazama vidole vya watu, akarudi nyumbani, akachora alichokiona kwenye daftari alilolishona mwenyewe: nyuzi sita zikawa mistari sita; freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyoigawa shingo ya gitaa vipande vipande, zikawa mistari ya kukingama; na doa jeusi pale kidole kinapokaa. Miaka mitatu ya kwanza alikusanya kodi arobaini na moja, kila moja kishindo cha noti kadhaa zinazopigwa kwa mkupuo, na hakujua hata moja inahusiana vipi na nyingine. Ilikuwa kama kupewa picha arobaini na moja za watu wa ukoo mmoja bila kuambiwa nani kamzaa nani.

Kisha siku moja, akiwa anashona, sindano ikiingia tundu moja na kuruka moja, ikamjia. Kodi hutoka kwenye skeli. Unachukua noti, unaruka inayofuata, unachukua, unaruka, unachukua. Do, mi, so. Re, fa, la. Skeli ni ukoo mzima umepanga mstari. Kodi ni watatu kati yao waliokaa meza moja. Aliacha sindano ikining'inia, akaenda chooni, akajifungia, akacheka peke yake mpaka machozi. Jioni akamweleza mumewe, fundi wa majokofu, mtu mwema asiye na neno na mtu.

"Vizuri," mumewe akasema. "Umefunga dirisha la jikoni?"

Ndiyo maana kiti cha solo kilimkaa rohoni. Gitaa la solo ndilo linalosikika, ndilo linalosema. Gitaa la rithim linabaki chini likikung'uta kodi, likiwatandikia wenzake sakafu ya kukanyaga. Skeli alipiga rithim miaka saba, nyuma ya mpiga rithim wa kwanza, opareta wa mashine ya kuchapa aliyekuwa mpole wa tabia na Mpole wa jina. Mpiga solo alipohamishwa kikazi, Kiongozi wa kikundi, mwalimu mstaafu wa muziki mwenye sikio lisilosamehe, akamwambia Skeli, "Shikilia hapo kwa sasa." Hiyo "kwa sasa" ilikuwa na miezi minne na siku sita. Kila Jumamosi alikwenda akitegemea Kiongozi aseme kiti ni chake, na kila Jumamosi Kiongozi alisema habari za nyimbo tu.

Ndipo wifi yake akahamia mjini.

Alikuwa dada mdogo wa mumewe, miaka thelathini na mmoja, amepata kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno na amepanga chumba mitaa miwili kutoka kwao. Jumapili ya kwanza alikuja kula nao, na mgongoni alikuwa na gitaa limefungwa kwenye shuka kuukuu.

"Kumbe na wewe unapiga, wifi?" Skeli aliuliza, na yeye mwenyewe akasikia sauti yake imekuwa nyembamba.

"Ah, nakwaruza tu, wifi yangu. Nilijifunza kwa kusikiliza. Majina ya vitu siyajui, zaidi ya do re mi ya shuleni. Ila haya masikio yangu yamezidi umbeya. Ile mashine ya daktari ya kutoboa meno inalia la, mnajua? Ikigusa jino inashuka, inakuwa so. Mgonjwa naye akipiga kelele, hapo ndipo tunapata kodi kamili."

Mumewe alicheka mpaka akapaliwa.

Baada ya chakula wifi akapiga. Skeli alikaa akikusanya vyombo polepole kuliko kawaida. Alijua kila noti iliyoguswa, jina lake na mahali pake. Angeweza kuziandika zote bila kufuta. Alichoshindwa kuelewa ni kwa nini zilikuwa zinaongea. Yule mtoto wa watu hakupanda wala hakushuka, alikuwa anazungumza tu, kama anayesimulia jambo lililompata njiani. Kitu kikamchoma Skeli chini ya mbavu za kushoto, kidogo, kama ncha ya sindano. Akadhani ni chakula.

"Jamani!" mumewe akasema. "Mdogo wangu! Mke wangu, umemsikia?"

"Nimemsikia."

Miaka kumi na moja alikuwa akipiga gitaa ndani ya nyumba ile, na hakuwahi kupata "jamani" hata moja. Asubuhi ya pili mumewe alinyoa ndevu huku akipiga mluzi, na mluzi wenyewe ulikuwa wimbo wa wifi, wote, mpaka mwisho. Skeli alisimama korido na taulo mkononi akausikiliza, na safari hii hakusingizia chakula. Alijua kabisa ni kijiba cha roho.

Ni mumewe pia aliyempeleka dada yake kwa Kiongozi. Skeli aliwakuta Jumamosi wameshafika, wifi ameshapewa kiti, Debe ameshamtania na kujibiwa. Kiongozi alimsikiliza dakika tano, macho amefumba, kisha akafungua macho na kumtazama Skeli. Skeli akaangalia viatu vyake.

"Mnajua tunafungua ukumbi mpya wa chama cha wafanyakazi," Kiongozi aliwaambia wote. "Nimetunga wimbo kwa ajili ya siku hiyo. Waimbaji watajifunza kwangu, nyumbani. Ninyi Skeli atawanakilia kodi, kila mmoja ajifunzie kwake. Sasa wapiga solo ni wawili na kiti ni kimoja. Jumamosi ya tatu kutoka leo, saa tisa alasiri, kila mmoja atatupigia solo aliyoitunga mwenyewe juu ya kodi za wimbo huo. Atakayekaa, atakaa moja kwa moja. Mambo ya kwa sasa yameisha."

Jumatatu jioni wifi alikuwa mlangoni.

"Wifi, nisaidie. Hizo herufi za kodi kwangu ni kama maandishi ya daktari. Nionyeshe vidole tu, kwa mkono, mimi nitashika."

Skeli alifungua mdomo atafute udhuru, lakini mumewe akawahi kujibu kutoka mezani. "Si atakusaidia! Mwalimu yumo ndani ya nyumba, utahangaika kwenda wapi?"

Wakapanga Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, chumba cha nyuma. Siku tatu za kwanza Skeli alifundisha kwa haki, tena vizuri, kwa sababu hakujua kufanya kazi vibaya. Alimwonyesha skeli ya G, ambayo do yake ni G na re yake ni A, kwenye uzi mmoja, ahesabu mwenyewe: kutoka do kwenda re freti mbili, re kwenda mi mbili, mi kwenda fa moja tu, halafu mbili, mbili, mbili, na mwisho moja. "Hizi nafasi mbili zilizobanana ndizo zinazoipa skeli sura," alimwambia. "Ukizihamisha, umehamia nyumba nyingine." Kisha akamweleza habari ya kuchukua na kuruka.

Wifi akaachia uzi. "Ngoja. Kwa hiyo kila noti ya skeli inaweza kuanzisha kodi yake? Saba?"

"Saba."

"Na wote watatu wa kila kodi ni wa humo humo ndani? Hakuna mgeni?"

"Hakuna mgeni."

"Basi nikipiga solo, nikijua watu gani wamekaa mezani wakati huo, najua nimwamkie nani!" Akapiga paja lake, akacheka. "Wifi, wewe hatari. Miaka yote napapasa gizani, kumbe swichi iko ukutani hapa."

Robo saa. Skeli alitazama saa ya ukutani ili awe na hakika. Jambo lililomla miaka mitatu, peke yake, mwenzake alilipata kwa robo saa, na akaenda mbele hatua moja ambayo yeye aliichelewa miaka miwili zaidi. Alitabasamu. Tabasamu lilimgharimu kama kubeba gunia.

Alhamisi ya wiki ya pili, wifi akiwa anajaribu kitu chake mwenyewe, Skeli aligeuka akamwona mumewe kwenye mlango. Amerudi kazini, viatu amevivua, amevishika mkononi, hataki kupiga kelele. Mlango ulikuwa wazi. Ule mlango alioombwa kuufunga kwa miaka kumi na moja ulikuwa wazi mpaka ukutani, na mtu aliyeomba ufungwe alikuwa amesimama pale akimsikiliza dada yake kama mtu anayesikiliza mvua baada ya kiangazi.

"Endeleeni, endeleeni," akanong'ona. "Mimi sipo."

Siku hiyo ndiyo walifikia wimbo wenyewe. Kodi za ubeti zilikuwa nne: G, E maina, A maina, D. Wanamuziki huita meja zile kodi za uso mkunjufu, na maina zile za uso wa mawazo, na tofauti kati yake ni noti ya katikati tu, ikiwa juu au chini kwa freti moja. Skeli alimwonyesha G. Akamwonyesha E maina, sahihi. Walipofika ya tatu, aliushika mkono wa wifi, akapanga vidole vitatu kwenye freti ya pili, mstari mmoja ulionyooka, uzi wa nne, wa tatu na wa pili.

Ilikuwa A meja. Kidole cha uzi wa pili kilitakiwa kirudi nyuma, freti ya kwanza. Hakukirudisha.

Wifi akapiga, akarudia. Akainamisha kichwa. "Hapa mbona kama mtu amefungua dirisha? Kodi ya re si ni re, fa, la? Hii fa yake naona imepanda."

"Kwenye wimbo huu imepanda," Skeli alisema. "Ndivyo alivyotunga Kiongozi. Kamwulize."

"Nimwulize yule mzee? Nitaanzia wapi, wifi! Kama kapenda dirisha wazi, basi liwe wazi." Akapiga zote nne kwa mfululizo, na kwa kweli zilisikika vizuri zikiwa peke yake; kodi ile yenye kosa iling'aa na kuingia D kwa raha. Skeli alijua itakuwa hivyo. Alikuwa amelipima. Wifi angetunga solo yake juu ya fa iliyopanda, angeizoea, angeipenda, na siku ya jaribio Mpole angepiga rithim yake kama ilivyoandikwa, maina, na ile noti aliyoipenda ingetua juu ya sakafu isiyokuwepo.

Usiku huo Skeli alilala vizuri, na jambo hilo ndilo lililomwogopesha alipoamka.

Jumamosi ya jaribio chumba cha mazoezi kilijaa mapema. Mumewe alikuja pia, akakaa nyuma, akasema yeye ni wa pande zote mbili, na Debe akamwambia kwamba mwenye mke na dada kwenye kiti kimoja akalale kwa rafiki. Mpole alikuwa anakaza nyuzi zake wakati Kiongozi alipomgusa bega.

"Wewe leo pumzika. Anayesubiri zamu ya solo ndiye atakayempigia mwenzake rithim. Nataka kuona mnavyosikilizana. Skeli, wewe mkubwa, anza."

Skeli aliiangalia mikono ya wifi. Alikuwa amepima kila kitu isipokuwa hilo. Ubeti wa solo yake ulipanda polepole na kutua kwenye kodi ya tatu, kwenye fa, akaishikilia pale mapigo mawili kamili. Ndiyo noti aliyoitegemea kuliko zote. Na chini yake angepiga wifi, na vidole vitatu vilivyonyooka.

Alikuwa na nafasi ya kusema. Debe alikuwa anahesabu moja, mbili. Hakusema.

G ikapita. E maina ikapita. Solo ikapanda, ikatua kwenye fa, na chini ya fa wifi akapiga A meja, kwa nguvu na kwa imani, na zile noti mbili zilizopishana freti moja zikasagana kama meno ya gia mbovu. Mtu mmoja nyuma akasema "Eh!" Kiongozi akainua mkono.

"Mmoja wenu yuko nje ya nyumba," alisema, macho bado amefumba.

"Ni mimi?" Wifi alitazama vidole vyake, kisha akamtazama Skeli. "Lakini si ndivyo ulivyonionyesha, wifi? Au?"

Ile "au" ilikuwa mlango, na Skeli alipita humo mbio.

"Umesahau tu, wifi yangu. Hiki kinarudi freti ya kwanza. A maina." Akakisogeza mwenyewe kidole cha wifi, kwa upole, mbele ya watu wote.

Wifi alimtazama kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akainamisha kichwa. "Kweli. Nimesahau. Nisamehe, Kiongozi."

Wakaanza upya. Skeli alipiga solo yake yote bila kukwaruza, kila noti ilitua ilipopimwa, na fa yake ilikaa juu ya A maina kama jalada juu ya kitabu. Watu wakapiga makofi. Mumewe akapiga makofi. Alipokuwa akibadilishana kiti na wifi, alijisikia mshindi na mchafu kwa wakati mmoja, na kati ya hivyo viwili alichagua kushughulika na ushindi.

Sasa ilikuwa zamu yake kupiga rithim. Wifi alikuwa na solo aliyoitunga wiki nzima juu ya dirisha lililo wazi, na sasa dirisha limefungwa. Debe akahesabu. Solo ikaanza kwa sauti ya chini, ikaja kama mazungumzo, ikafika kodi ya tatu, na kidole cha wifi kikaenda kule kilikozoeshwa: fa iliyopanda. Ikakwaruza. Skeli alisikia mkwaruzo huo katika meno yake, akangoja wifi asimame.

Wifi hakusimama. Bila kuachia uzi, bila kuupiga tena, alikitelezesha kidole nyuma freti moja, na noti ikashuka ikiwa hai, kutoka pale palipouma mpaka fa, ikatulia. Ilikuwa kama mtu aliyeanza kusema neno la hasira, akaliona limefika mdomoni, akalimeza. Waliokaa nyuma wakainama mbele. Hata Debe aliinamisha vijiti vyake. Ubeti wa pili akaifanya tena, makusudi, polepole zaidi. Wa tatu hakuifanya, na watu wote waliingoja.

Skeli aliendelea kupiga A maina yake safi, iliyonyooka, sahihi, na kila alipoipiga alijua kwamba anaitandika chini ya miguu ya mwenzake.

Kiongozi akafumbua macho. "Skeli, wewe hukukosea popote. Tangu mwanzo hadi mwisho." Akamgeukia wifi. "Wewe umekosea mara moja, na mimi nataka kulisikia kosa hilo tena siku ya ukumbi. Kiti cha solo ni chako. Skeli, rudi rithim pamoja na Mpole. Na solo hiyo uiandike, isipotee. Hasa hiyo noti inayoteleza. Sijui ameitoa wapi."

Skeli alijua ilikotoka. Ilitoka kwenye mkono wake mwenyewe, chumba cha nyuma, Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro dakika chache. Asingekihamisha kile kidole, wifi angetunga kitu kizuri cha kawaida, na labda leo kiti kingekuwa cha Skeli. Njia nzima ya kurudi nyumbani mumewe aliongea habari za noti ile, akijaribu kuiiga kwa mluzi na kuikosa, na Skeli alitembea kando yake akiwa na hasira ya mtu aliyeibiwa kitu asichoweza kukiripoti.

Jumanne wifi alikuja kuandikiwa. Alipiga kipande kipande, Skeli akaandika. Mara hii mlango ulifungwa, na aliyeufunga ni wifi. Walipofika kodi ya tatu, kalamu ya Skeli ikasimama.

"Ipige tena."

Wifi akaipiga.

"Inaanzia juu ya fa, freti moja. Halafu inashuka." Skeli aliandika, akapiga mstari mwembamba wa kuteleza kati ya noti mbili. Mstari ulinyooka kama kawaida yake. Kisha akaweka kalamu chini. "Wifi, hukusahau kidole."

"Najua sikusahau. Mimi vidole sisahau, sina kingine cha kukumbuka."

"Nilikipanga vile ili uanguke."

"Hilo nalo nilijua. Pale pale, uliponisogeza mbele ya watu." Sauti yake haikupanda. "Hata ule usiku nilitafuta sababu. Nikasema labda wifi amechoka na kazi. Labda ana jambo na kaka. Nikazunguka weee, nikarudi pale pale. Mimi nakuja hapa kila Jumanne na furaha zangu kama mjinga, kumbe mwenzangu ananichimbia."

"Mbona hukusema?"

"Niseme mbele ya Debe kwamba mke wa kaka yangu kanifundisha uongo? Jumatatu kiwanda kizima kingekuwa kinaimba."

Skeli alitaka kusema samahani, na ilikuwa karibu kutoka, lakini mbele yake lilikuwepo neno jingine lililokaza zaidi. "Kaka yako hajawahi kusimama pale mlangoni kwa ajili yangu."

Kwa mara ya kwanza uso wa wifi ulilegea kidogo, lakini haukurudi ulipokuwa.

"Hilo ungemwambia yeye, wifi. Mimi ulinionyesha swichi, ungeniacha na mwanga wangu." Akafunga gitaa kwenye shuka lake. "Nitakuja Jumapili kula. Nitakuja kumwona kaka. Ila kujifunza kwako, basi. Siwezi tena kuweka kidole pale unaponiambia."

Alipotoka alimuaga kaka yake kwa utani ule ule wa siku zote, na mumewe hakugundua lolote.

Siku ya ukumbi ilipita kama Kiongozi alivyotaka. Wageni walisimama. Skeli alipiga rithim nyuma, bega kwa bega na Mpole, na noti ile ilipoteleza alisikia watu mia mbili wakivuta pumzi kwa pamoja. Wivu haukupungua hata chembe. Uliingia ukumbini naye na ukatoka naye.

Lakini kilichokuja kumuuma zaidi kilimjia wiki iliyofuata, na hakukitarajia. Mpole aliingia chumba cha kujalidi wakati wa mapumziko, mikono bado na wino, akasimama kando ya benchi akichezea kipande cha uzi.

"Dada, wifi yako kaniomba nimfundishe."

Skeli aliendelea kukunja karatasi. "Wewe?"

"Hata mimi nimeshangaa. Mimi vidole ninavyo, maelezo sina. Na yule mtu anauliza! Kila kitu kwa nini, kwa nini. Hakubali kuweka kidole mpaka ajue kwa nini kinakaa hapo. Jana kaniuliza kwa nini kodi ya re iwe maina wakati ya do ni meja. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Kanitazama kama nimemtukana."

Sindano ya chini ya mbavu ikachoma tena, na Skeli akashangaa ilikoelekea. Sasa hivi haikuwa kwa wifi. Ilikuwa kwa Mpole huyu, mtu mwema asiyejua kitu, ambaye Jumanne na Alhamisi angeketi mbele ya swali lile. Miaka minane yeye alikuwa na jibu na hakupata wa kumwuliza. Alipompata, wiki mbili tu zilimtosha kumpoteza.

Akasukuma karatasi pembeni. Akachukua kipande cha kadi ya jalada na kalamu, akachora uzi mmoja na freti zake.

"Sogea hapa. Kutoka do mpaka mi ni freti ngapi?"

"Nne."

"Kutoka re mpaka fa?"

Mpole akahesabu kwa ncha ya kidole, akaacha doa la wino. "Tatu."

"Kwa nini tatu?"

"Kwa sababu... ndivyo—"

"Hapana. Usimwambie ndivyo ilivyo. Tazama. Mi na fa zimebanana, kuna freti moja tu kati yake. Ukitoka re kwenda fa, lazima upite hapo, kwa hiyo unapungukiwa freti moja. Ukitoka do kwenda mi, unaishia kabla ya kufika hapo. Ndiyo maana do ni meja na re ni maina. Hakuna aliyeamua. Skeli yenyewe ndiyo imeamua."

"Aaa," Mpole akasema. "Nimwambie ni wewe uliyenieleza?"

"Usimwambie."

"Atajua, dada. Maelezo kama haya mimi nitayatoa wapi?"

Skeli akainyoosha kadi kwa kiganja. "Akijua, ajue. Haya, sasa nieleze wewe. Anza do."

Mpole akaanza, akachanganya freti, akapita moja bila kuihesabu. Kengele ya kurudi kazini ikalia. Skeli akakishika kile kidole chenye wino, akakirudisha kwenye do, akamwambia aanze tena, polepole, na hakumwachia aende kwenye mashine mpaka alipoweza kuyasema maelezo yote bila kukosea.